Sahani za Siti binti Saad

Hapana mwanafunzi wa visiwa hivi aliyemaliza skuli ya sekondari asiyelijua jina la marehemu Siti binti Saad. Anajua kwamba alizaliwa Fumba, kwamba alifinyanga vyungu, kwamba alivuka bahari kwenda Bombay. Na akiulizwa katika mtihani hujibu na kupata alama zake. Sisi nasi tulijibu hivyo zamani zetu, tukafaulu. Lakini mtu amwulize mwanafunzi huyo, au mwalimu wake, au atuulize sisi tuliokaa maofisini, ni nani miongoni mwetu aliyepata kuisikia sauti ya Siti mwenyewe, itokayo katika sahani iliyotiwa sauti yake akiwa hai, wala si wimbo wake ukiimbwa na mtu mwingine. Swali hili tumewauliza wengi siku za karibuni, na wengi wamenyamaza. Tumemjua kwa macho yasomayo kitabu, ilhali alikuwa mtu wa masikio. Kwa sababu hiyo tumeona leo tumweleze tena, na pamoja naye tuzieleze sahani zake, maana habari ya mmoja haitimii bila ya habari ya pili.

Siti alizaliwa kiasi cha mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kwenye rasi ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Unguja. Asili ya baba yake, Mzee Saad, ilikuwa Unyamwezini, na ya mama yake ilikuwa Uzigua. Mtoto huyo hakuitwa Siti. Aliitwa Mtumwa, na jina hilo halikuwa la mzaha. Lilieleza hali ya nyumba aliyozaliwa na wakati aliozaliwa. Biashara ya kuuza watu ilikuwa imekwisha katazwa tangu 1873, na soko la Mkunazini kufungwa, lakini utumwa wenyewe ulikuwa ungali halali mbele ya sheria mpaka 1897. Maana yake ni kwamba binti huyu alikuwa msichana wa miaka kama kumi na saba siku sheria ilipobadilika, na baada ya siku hiyo watu waliendelea kumwita kwa jina lile lile. Karatasi ya sheria ni jambo moja, na vinywa vya watu ni jambo jingine.

Utotoni hakupelekwa chuoni kusoma msahafu, wala skuli haikuwapo kwa mtoto wa namna yake. Alichofundishwa ni kazi ya udongo. Msomaji wa mjini asidhani kazi hiyo ni nyepesi. Udongo huchimbwa, ukatolewa mawe na mizizi, ukapondwa na kukandwa mpaka ukashikana. Chungu hufinyangwa kwa mikono mitupu, kikasuguliwa, kikaanikwa kivulini ili kisipasuke, kisha kikachomwa. Baada ya taabu hiyo yote kimoja hutoka na ufa na hakina mnunuzi. Vilivyo vizima huchukuliwa kichwani kupelekwa mjini, na mchukuzi akijikwaa mara moja, kazi ya siku nyingi huishia barabarani.

Siti alipita mitaani kuviuza vyungu hivyo, na kama wachuuzi wote alinadi kwa sauti. Hapo ndipo watu walipoanza kumtambua. Waliokuwa ndani ya nyumba walimjua kabla hajafika mlangoni, kwa kuwa sauti yake ilifika mbali na haikukwaruza. Pengine wako walionunua chungu wasichokihitaji ili wamsikie tena. Hilo hatuwezi kulithibitisha, ila tunawajua watu wa Unguja.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Wakati huo taarabu ilikuwapo, lakini haikuwa mali ya watu wa hali yake. Iliingia katika jumba la Mfalme zama za Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, na ikaimbwa kwa Kiarabu kwa namna ya Misri. Mwaka 1905 waungwana wa mjini waliunda chama chao cha Ikhwani Safaa, ambacho kingalipo mpaka leo, nacho pia kikaendelea kwa Kiarabu. Wasikilizaji wengi waliyastarehea maneno wasiyoyafahamu, kama wengi wetu tulivyozihifadhi kasida utotoni, tukajua maana zake ukubwani. Mmoja wa watu wa Ikhwani Safaa, Bwana Ali Muhsin, alimsikia Siti akavutiwa naye, akamfunza uimbaji na kumjulisha kwa wenziwe wapigaji. Kwa jambo hilo moja Bwana Ali Muhsin anastahili shukurani kubwa kuliko anazopewa.

Kundi lililomzunguka Siti likawa na Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mbaruk na Maalim Shaaban. Tunayataja majina haya kwa makusudi, kwa sababu aghalabu Siti husifiwa kana kwamba aliimba peke yake jangwani. Watu hawa walipiga ala, walitunga, walijibizana naye, na usiku ulipoingia nyumba yao ya Ng'ambo ilijaa majirani, wapitaji na wageni waliotoka mjini penye mawe. Waliimba kwa Kiswahili. Leo jambo hilo halimshangazi mtu, lakini siku zile lilikuwa kubwa. Muziki uliokuwa pambo la ikulu ukasema lugha ya sokoni, na mpika chapati akaufahamu sawasawa na kadhi. Aliyekuwa Mtumwa akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na jina hilo ndilo lililobaki.

Heshima hiyo haikuja bila ya husuda. Mahasimu wake walimtungia mashairi ya kumtukana: walimsimanga kwa asili yake, kwa shamba alikotoka, kwa nguo alizoingia nazo mjini, na hata kwa sura aliyoumbwa nayo. Naye hakwenda barazani kulalamika. Alijibu kwa wimbo, akiwaeleza kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si kitu mbele ya akili na adabu. Aliyeyatunga matusi hayo leo hatajwi. Aliyetukanwa anasomwa skulini. Baadaye aliitwa kuimba katika majumba ya matajiri, na katika jumba la Seyyid Khalifa bin Harub pia, akaingia kwa mlango ambao mtu wa asili yake alizoea kuuingia akiwa amebeba maji.

Yuko mtu anayedhani nyimbo zake zilikuwa za mapenzi tu. Zilikuwapo za mapenzi, na nyingi. Lakini Siti na wenziwe walikuwa pia gazeti la wale wasiojua kusoma. Tukio likitokea mtaani, halikupita muda likawa limetiwa katika wimbo. Mashuhuri kuliko zote ni ule wa Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke mgeni aliyekuja kutembea Unguja, kisha akakimbilia bara. Katika kesi ile wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio walioishia kutiwa hatiani, na muuaji akawa yuko ng'ambo ya bahari. Wimbo uliyasema hayo yote kwa majina, na ukaimbwa mbele ya watu waliowajua wahusika. Ziko pia nyimbo zilizomtaja karani mkubwa aliyekula mali ya wanyonge na mwisho akafungwa. Tunawaomba watumishi wenzetu wa Serikali wasizipite nyimbo hizi haraka. Watu waliokuwa hawana kura, hawana gazeti wala wakili walikuwa na kundi moja la waimbaji, na wakubwa wa zama zile walijua kwamba wakiteleza, usiku wa pili yake watasikika Ng'ambo yote.

Mwezi wa Machi 1928 Siti na kundi lake waliwasili Bombay. Waliitwa na kampuni ya gramafoni ya Kiingereza, ile yenye alama ya mbwa aliyekaa mbele ya pembe. Kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda chake Calcutta tangu 1908, na ilikuwa imekwisha jua kwamba mtu hununua santuri pale tu anapoweza kusikia lugha yake ndani yake. Katika pwani yetu hapakuwa na chumba cha kutia sauti, kwa hiyo waimbaji ndio waliosafirishwa. Mwanamke aliyekuwa akitembea kutoka Fumba na vyungu kichwani akasafiri kwa meli na kupita Bahari ya Hindi, akasimama mbele ya chombo cha umeme cha kunasia sauti, chombo ambacho hata Ulaya kilikuwa hakijapata miaka mitatu tangu kuanza kutumiwa badala ya pembe.

Yafaa tueleze kazi hiyo ilivyofanywa, maana ndiyo chanzo cha taabu yetu ya leo. Sauti ilichorwa kwanza juu ya bamba la nta. Nta hiyo ilivikwa madini, ikatolewa chapa ya chuma, na kwa chapa hiyo zikapigwa sahani za kuuzwa. Sahani zenyewe hazikuwa za plastiki kama zile za miaka ya 1960. Zilitengenezwa kwa ulimbo unaotolewa na wadudu wa India, ukachanganywa na unga wa mawe na rangi nyeusi. Ni nzito, ni ngumu, na zikianguka huvunjika kama sinia la udongo. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani ya kawaida ulichukua dakika tatu hivi. Wimbo wa taarabu ambao nyumbani ungeweza kuchukua nusu saa, kwa tuzo na vifijo na kurudiwarudiwa, ulilazimika kukatwa katikati, nusu upande huu na nusu upande wa pili. Kila upande ulipokwisha ilipasa kubadilishwa sindano, kwani sindano ya chuma ilikwisha ncha, na iliyokwisha ncha hukwangua sahani. Wengi hawakubadilisha, kwa kuwa sindano zilinunuliwa kwa fedha.

Biashara ilipita matumaini ya kampuni. Watafiti wanataja sahani kiasi cha 72,000 kuwa zilikwisha uzwa kufikia 1931. Hesabu hiyo mtu aipime kwa umasikini wa siku zile. Si kila mnunuzi alikuwa na santuri yake. Wengine walinunua sahani wakaipeleka kwa jirani mwenye santuri, na mikahawa iliweka santuri mlangoni ili kuwavuta wanywaji kahawa. Sauti ya Siti ikasikika Mombasa, Lamu, Tanga, Dar es Salaam na Ngazija, na ikaingia bara kwa njia za biashara. Watu waliozaliwa mbali na bahari walijifunza kutoka kwake Kiswahili cha Unguja, na hapana mshahara wa mwalimu uliolipwa kwa kazi hiyo. Makampuni mengine yakaona wivu. Mwaka 1930 kampuni ya Columbia ilileta mitambo yake huku kwetu, na Siti akatia sauti zaidi. Jumla ya nyimbo alizotia hupita mia moja na hamsini. Kisha uchumi wa dunia ukaanguka, bei ya mazao ikaanguka pamoja nao, watu wakaacha kununua sahani, na makampuni yakafunga mizigo.

Siti hakuacha kuimba kwa sababu makampuni yameondoka. Aliendelea kuimba katika arusi na katika mabaraza, akaifunza taarabu kwa waliokuja nyuma yake. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki 2013 baada ya kuzijulisha nyimbo hizo kwa dunia nzima, hakuchoka kusema kwamba alichukua kwa Siti. Karibu na mwisho wa maisha yake alikutana na Sheikh Shaaban Robert, akamweleza habari zake. Naye mwandishi huyo mkubwa akamwandikia wasifu uliotoka mara ya kwanza 1958. Siti mwenyewe hakuuona. Alifariki tarehe 8 Julai 1950, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Redio ya Unguja ilianza kutangaza 1951, yaani alipokwisha kufa. Kwa hiyo hapana kanda ya redio yenye sauti yake akiimba mbele ya chombo cha hapa nyumbani, wala haiwezi kuwapo. Kila kilichobaki cha sauti ile kimo katika sahani za ulimbo, na sahani za ulimbo hazizaliani. Ile iliyovunjika leo ndiyo iliyopungua.

Je, sahani hizo ziko wapi? Baadhi ziko Ulaya, katika maktaba kubwa na katika nyumba za watu wanaokusanya. Baadhi zilikwisha zamani kwa sindano kuukuu, kwa masika yetu yanayozaa ukungu juu ya kila kitu kilichofungiwa kabatini, na kwa watoto. Baadhi zimeuzwa katika maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe kwa wageni wanaopenda picha ya mbwa, wakaenda kuzitundika ukutani. Hatuwalaumu wageni, wao wamelipa. Na baadhi zimeangamia mikononi mwa watu waliopasa kuzijua thamani, nasi tumo.

Mwaka 2009 tulikuwa makarani katika ofisi moja ambayo hatutaitaja. Ghala la ofisi hiyo lilitakiwa kusafishwa ili liwekwe viti vya mkutano. Ndani yake mlikuwa na masanduku ya mbao ya sahani nyeusi, nyingine zimevunjika, nyingine zimo ndani ya mifuko yao ya karatasi iliyoliwa na mende. Iliandikwa orodha ya vitu vya kutupwa, na sahani zile ziliandikwa katika mstari mmoja kwamba ni takataka mbalimbali. Orodha ilitakiwa sahihi, na sahihi mojawapo ni yetu. Hatukusoma hata karatasi moja iliyobandikwa katikati ya sahani. Tulikuwa na haraka, na viti vilikuwa vinangoja nje katika gari. Huenda Siti hakuwamo mle. Huenda alikuwamo. Asubuhi ile tungeweza kujua kwa kuinama tu, na sasa hatuwezi kujua kwa njia yoyote.

Sisi tuliolelewa katika Chama tumezoea kusema majukwaani kwamba utamaduni wa wanyonge ndio roho ya Mapinduzi, na tunaposema hivyo Siti ndiye mfano tunaoukimbilia. Basi tukubali kwamba mfano huo tumeutumia kuliko tulivyoutunza. Jarida la wanawake waandishi wa habari wa Tanzania liliitwa Sauti ya Siti, na ni jina zuri. Lakini sauti yenyewe ilikuwa wapi?

Wako waliofanya kitu. Mwaka 2007 ilitolewa Uingereza diski moja ya nyimbo za Kiswahili zilizotiwa tangu miaka ya 1920 mpaka ya 1950, zilizokusanywa na mtafiti Janet Topp Fargion kutoka katika hazina ya maktaba ya taifa ya nchi hiyo. Tuliipata kwa rafiki aliyerudi safari. Sauti imesafishwa kwa kadiri ya uwezo, maelezo yameandikwa kwa uangalifu, na msikilizaji anaweza kukaa akasikia pwani ya mababu zake. Tunawashukuru. Hata hivyo diski moja haiwezi kuchukua waimbaji wote wa pwani nzima kwa miaka thelathini, na kila mmoja amepewa nafasi ndogo. Sahani zote za Siti zilizopatikana, zikiwa zimepangwa kwa tarehe na kuandikiwa maneno yake kwa Kiswahili na maelezo ya matukio yaliyomo, bado hazijatolewa pamoja. Sisi tunaitarajia kazi hiyo kama vile watu wengine wanavyotarajia timu yao ichukue kikombe.

Katika jambo hili tunao wenzetu wa kujifunza kwao, nao ni wapenzi wa muziki wa jazi wa Marekani. Katika miaka ya 1930 sahani nyingi za jazi zilikuwa hazipigwi tena viwandani, ingawa hazijapata hata miaka kumi na tano. Kijana mmoja wa New York, Milt Gabler, aliyekuwa na duka la baba yake, aliona wateja wanakuja kuulizia sahani zisizopatikana. Hakungoja. Alikwenda kwa makampuni yenye chapa za chuma akawaomba wampigie sahani chache kwa gharama yake, akaziuza kwa wale waliozitaka, na juu ya karatasi ya sahani akaandika majina ya wapigaji wote na tarehe ya kutiwa sauti, jambo ambalo makampuni hayakulijali. Alianza na hamu ya wateja wa duka moja, na kwa njia hiyo muziki uliochezwa na watu weusi masikini, uliokaribia kusahauliwa na nchi iliyouzaa, ulipata wasikilizaji wapya. Tazama, tulipoyataja juu majina ya Subeit, Buda, Mbaruk na Maalim Shaaban tulikuwa tunamfuata kijana huyu.

Tutaambiwa kwamba hapana fedha, na kwamba sahani ni mali ya makampuni ya nje. La fedha hatulijibu hapa. Wenye bajeti wanajua zaidi. La mali tunaweza kulijibu. Kule Uingereza haki ya mtengenezaji wa sahani ilikuwa ya miaka 50, na ilipoongezwa kufika 70 mwaka 2013, zile zilizokwisha pita muda wake hazikufufuliwa. India haki hiyo ni ya miaka 60. Sahani ya 1928 imekwisha vuka vizuizi vyote hivyo viwili. Jamaa za Siti na za wenziwe wapewe heshima yao na washirikishwe, hilo ni la adabu. Lakini mtu asijifiche nyuma ya kampuni ambayo haina tena dai.

Kwa hiyo twaiomba Wizara inayosimamia utamaduni mambo machache, na tunayaomba kwa upole kwa kuwa wa kulaumiwa ni wengi. Itangazwe kwa masheha wote, Unguja na Pemba, kwamba mwenye sahani ya zamani asiitupe wala asiiuze kabla haijaandikwa. Nyumba ya Nyaraka pale Kilimani ipewe mashine moja ya kusomea sahani za mizunguko 78, yenye sindano nene ipasayo, kwa sababu sindano ya sahani za plastiki ni nyembamba mno kwa mfereji wa sahani hizi, hushuka chini kabisa ikasoma vumbi. Zinakiliwe, kisha wenye mali warudishiwe mali yao. Tusiwanyang'anye bibi zetu kwa jina la urithi wa Taifa. Waandikiwe wenye hazina London, na wenye daftari za makampuni ya zamani, waombwe nakala za sauti na orodha. Mwaka 2028 itatimia miaka mia moja tangu safari ya Bombay, na siku hiyo hotuba zitakuwa nyingi. Tungependa baada ya hotuba ya kwanza mtu abonyeze kitufe, na Siti mwenyewe aimbe.

Na wenye sahani majumbani tunawanasihi jambo moja la haraka: wasizipanguse kwa spiriti. Spiriti huyeyusha ulimbo, na wimbo huenda na kitambaa. Maji safi kidogo na kitambaa laini yatosha, bila ya kuilowesha karatasi ya katikati, kisha isimamishwe wima kama kitabu, isilazwe chini ya nyingine ishirini.

Tulipokuwa tukiiandika makala hii tulifika nyumbani kwa bibi mmoja wa Ng'ambo tuliyeelekezwa kwake, tukamwamkia, tukamweleza haja yetu. Alituambia kwamba sahani za marehemu mumewe zilikwisha zote. Tulipoomba maji ya kunywa aliuendea mtungi uliokuwa pembeni mwa ukumbi, akauinua mfuniko wake, na mfuniko wenyewe ulikuwa sahani. Ilikuwa na ufa uliotoka ukingoni ukafika karibu na katikati. Karatasi ilikuwa imefifia kwa unyevu, namba haisomeki, lakini mbwa na pembe yake walionekana, na chini yao jina la Siti. Bibi alicheka alivyotuona tumesahau kunywa. Alikubali kuitoa ikanakiliwe, kwa sharti kwamba mtungi usibaki wazi. Siku ya pili tulimpelekea kibia cha udongo tulichokinunua sokoni, naye akakipima, akasema kinatosha. Sahani tunayo, tumeizungushia kitambaa cha pamba na kuilaza baina ya mbao mbili ili ufa usiendelee. Upande mmoja unaonekana mzima.